Zamu ya Aje

Kijijini kwetu, kwenye njia ndefu ya kwenda Mtae, maji yana siku zake na kila siku ina jina. Tuna ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa kwa mikono na watu waliokufa kabla Mjerumani hajatia mguu milimani. Usiku linajaa kutoka chemchemi. Alfajiri mwenye kazi ya kufungua anachomoa kizibo cha mgomba, maji yanashika mfereji kuteremka kwenye mashamba ya mboga, naye anapaza sauti kuita jina la zamu ili walioko bondeni wajue leo ni ya nani. Koo nne ndizo zilizochimba, na siku karibu zote zina majina ya koo hizo. Ijumaa ndiva inapumzika. Alhamisi peke yake haina jina la ukoo. Alhamisi anaita, "Aje! Aje!" na sauti inapokelewa na milima ya ng'ambo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa wino mwekundu mpaka kidole kikaota sugu, na sikuwa na huruma kwa mtu anayekosea neno dogo. Basi sikilizeni. Neno hilo dogo, herufi tatu tu, nimelikosea mara mbili maishani. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa na watu walicheka. Mara ya pili nilikuwa na mvi kichwa kizima, na hakucheka mtu.

Nilizaliwa Bulwa, kwenye nyumba za wachuma chai. Mama alitoka kusini ya mbali, akaja kuchuma chai kama walivyokuja wengi wa kila kabila na kila dini, na pale kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani na ya jirani. Baba alifariki nikiwa mdogo. Ninachokumbuka kwake ni kikohozi tu. Kisha mama naye akapata kifua, akawa hawezi tena kubeba kapu kwenye mvua, na nyumba za pale ni za wenye kazi. Mchuma chai mwenzake, Msambaa wa huku kwetu, akamwambia: "Nenda kijijini kwangu. Kuna baridi, lakini ukifika uliza kwa Aje. Hutalala na njaa." Hakumtajia mtu. Mama alidhani Aje ni jina la mzee fulani mwenye roho nzuri.

Tulipanda kutoka Mombo juu ya lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, harufu ya kabichi imejaa puani, kisha tukatembea kwenye ukungu tusioona hata vidole vya miguu. Kila tuliyemwuliza alinyoosha mkono upande uleule. Tulimkuta mwanamke mfupi, kanga mbili na sweta la kiume, anapuliza moto. Hakutuuliza tumetoka wapi wala tunakwenda wapi. Alitandika jamvi, akateremsha chungu cha makande katikati, akanitazama.

"Uje, mwanangu," akasema.

Nikasogea hatua moja.

"Uje!"

Nikasogea nyingine.

"Uje, uje!" Sasa magoti yangu yalikuwa yanagusa chungu, na joto lake linaniunguza. Nikaangua kilio. "Bibi, nimeshakuja! Nije mpaka wapi tena?"

Pembeni alikuwapo binti yake, wa rika langu, meno mawili ya mbele hana. Alicheka mpaka akaanguka chali kwenye kuni. Yule bibi hakuelewa haraka, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alipoelewa alinishika mkono, akauingiza mwenyewe kwenye makande, akaupeleka kinywani mwangu. Kwa Kishambaa kuja ni kula. Alikuwa ananiambia nile, mimi nasogea tu kama mbuzi anayevutwa.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Tangu siku ile yule binti aliniita Nimeshakuja, na ananiita hivyo mpaka leo akiwa na furaha. Mimi namwita ndugu yangu, maana sina ndugu mwingine.

Tulikaa. Kwanza siku tatu, kisha mpaka mahindi yakomae, kisha hakuna aliyehesabu tena. Bibi alimpa mama chumba cha nyuma na matuta kadhaa kwenye shamba lake lililo chini ya ndiva, shamba ambalo watu wote wanaliita kwa Aje. Kifua cha mama kilipona kwa maziwa na moto na majani ambayo mimi siyajui majina. Tulipanda viazi, karoti, njegere; na Alhamisi ilipoitwa, sote wanne tulikuwa mferejini kabla jua halijachomoza, jembe mkononi, miguu imekufa ganzi, kila mmoja anafungulia maji tuta lake na kuliziba. Jamani, baridi ile! Lakini nikikumbuka sasa, sikumbuki baridi kwanza. Nakumbuka kwamba baada ya miezi ya Bulwa ya kumsikiliza mama akikohoa, nilikuwa nikilala nikijua kesho nitakula nini.

Bibi alikuwa anasimulia wakati wa kupalilia. Kwa hiyo mambo ya zamani ya nchi hii mimi nimeyajua nikiwa nimeinama. Alisema zamani sana alikuwapo mfalme mmoja mwenye kuita mvua, na siku zake nchi ilikuwa nzima. Alipokufa, wanawe na wajukuu wake wakagombea kiti, na bunduki zikapanda kutoka pwani kupitia nyika. Hapo nchi ikaharibika. Watu wakahamia kwenye ncha za milima, wakajenga mahali pa kuona mbali. Mwanamke hakwenda mtoni peke yake. Aliyekamatwa alifungwa kamba shingoni akateremshwa Pangani, na waliobaki hawakulitaja jina lake tena, kwa uchungu. Katika miaka hiyohiyo, alisema bibi, ndipo koo nne zilipochimba ndiva, ili wasilazimike kushuka bondeni kufuata maji. Walichimba kwa majembe ya mbao, na wakati wao wakichimba, mmoja alikuwa amesimama juu ya jiwe akiangalia nyika.

Na bibi alisimulia jambo moja zaidi, hilo kwa sauti ya chini. Siku moja aliyekuwa juu ya jiwe aliona mtu anapanda peke yake. Alikuwa msichana, na shingoni alikuwa bado na kipande cha kamba. Alikuwa ameukimbia msafara. Hakujua Kishambaa. Wanaume wa koo nne wakaanza kubishana. Mmoja alisema arudishwe, kwani mwenyewe akija kumfuata atakuja na bunduki. Mwingine alisema afukuzwe tu aende zake. Akatokea mwanamke mzee, mama wa mmoja wao, akiwa na chungu. Hakuchangia ule ubishi. Alisema neno moja tu. Baada ya msichana yule kushiba, hakuna aliyethubutu tena kumtoa, maana kwa Wasambaa aliyekula kwako ni wako. Walimpa shamba, na siku moja ya maji ili aweze kujilisha mwenyewe. Huyo ndiye aliyemzaa aliyemzaa bibi.

Nilisikia kisa hicho nikiwa na miaka kumi, kumi na moja, na mara nyingi baadaye. Nilikipenda kwa sababu nilidhani ni changu.

Bibi ndiye aliyenipeleka shule ya sekondari Lushoto. Tulitembea kwa miguu siku nzima, sanduku langu la bati kichwani mwake, kwani alisema kichwa changu ni cha kubebea vitabu. Mama alipofariki, mimi nikiwa chuo cha ualimu, kulikuwa na swali la kaburi. Mama alikuwa Mkristo na nyumba ya bibi ni ya Kiislamu. Wako waliosema apelekwe kanisani Lushoto. Bibi alijibu kwamba aliyekula hapa atalala hapa. Wakaja waimbaji wa kanisa, wakaja majirani na kofia zao, kila mtu akaomba anavyojua. Mama amelala juu kidogo ya matuta ya Aje, na Alhamisi ukikaa pale unasikia maji yakipita. Hivi kweli mtu anashukuruje jambo kama hilo? Mimi sijapata maneno, na maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yangu.

Nilifundisha huku na kule, miaka kadhaa hapahapa kijijini, nikastaafu, nikarudi, nikajenga kijumba changu hatua mia kutoka kwa ndugu yangu. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, shamba la Aje likawa la ndugu yangu, na anaishi kwa lile shamba tu. Siku moja akaja mwenyekiti wa kamati ya maji, kijana niliyemfundisha darasa la nne, sasa ana kitambi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Umekuja kuleta kazi ya nyumbani?"

Akacheka. Akaniambia tunatakiwa kuwa na katiba ya umoja wa watumia maji, iandikwe, igongwe muhuri, na mwanzoni iwe na historia fupi ya ndiva pamoja na maana ya kila zamu. "Nani mwingine wa kuiandika kama si wewe? Tunataka Kiswahili sanifu."

Loo, hayo maneno mawili! Ukitaka kumpata mwalimu mstaafu, mwambie Kiswahili sanifu. Nilichukua daftari jipya siku ileile.

Nilizunguka kwa wazee wa koo nne, nikaandika nani alichimba upande gani, jiwe la mlinzi liko wapi, kwa nini mfereji umepinda pale penye mkuyu. Kazi ilikuwa tamu. Nilipofika Alhamisi, kalamu ikasita. Kisa nilikijua kuliko wote. Lakini kwetu hapa asili ya mtu haitajwi hadharani. Unaweza kuishi jirani na mtu miaka sitini, ukajua kwamba bibi wa mama yake alikuja na kamba, na hutalitamka hata mkigombana. Ni tusi lisilofutika. Nikasema, mimi nitie jambo hilo kwenye karatasi ya serikali, ndugu yangu adharauliwe na watoto wa watu? Abadani.

Basi nikaificha kamba. Na kwa kuwa karatasi ilitaka maana, nikalitazama lile neno, aje, kalamu ya Kiswahili mkononi, kichwa kimejaa Kiswahili sanifu, na nikaona maana yake mara moja, nzuri, imekaa tayari: mgeni aje, mwenyeji apone. Nikaandika hivi, nakumbuka kila neno: "Zamu ya Alhamisi huitwa Aje, yaani mgeni na aje. Wazee wetu waliacha siku moja ya maji kwa ajili ya wageni watakaokuja." Nikapiga mstari chini. Nilijisikia fundi.

Iliposomwa mkutanoni walipiga makofi. Ndugu yangu alikuwa amekaa na wanawake wenzake nyuma. Hakupiga. Nilidhani hakusikia.

Nikaenda Tanga kwa binti yangu aliyejifungua, nikakaa karibu mwezi mzima. Ilikuwa kiangazi, wakati ambao huku kwetu bila ndiva hulimi hata mchicha. Niliporudi na samaki wakavu wa kumpelekea ndugu yangu, nilipita kwanza shambani kwake. Njegere zilikuwa zimelala chini. Karoti zilikuwa na majani ya njano, udongo umepasuka kwenye matuta. Nikamwuliza mtu aliyekuwa anapita, mfereji umeziba?

"Haujaziba, Mwalimu," akanijibu. "Alhamisi sasa maji yanakwenda kwenye banda la wageni."

Hilo banda tumelijenga kwa ajili ya watalii wanaotembea kwa miguu, wanaotoka Lushoto na Irente kwenda Mtae. Wanalala pale usiku mmoja, wana bustani ya letasi na stroberi. Nikaenda kwa mwenyekiti mbio, kanga inanidondoka.

"Mwalimu, sisi tumefuata ulichoandika," akasema, tena kwa heshima kabisa, ameshika karatasi yangu. "Siku ya wageni watakaokuja. Wageni ndio hao wamekuja. Mama wa shamba la Aje alikuwa anaitumia kwa mazoea tu. Muhuri bado, wa wilaya wanakuja wiki ijayo, lakini kamati imeshaamua."

Ningemkasirikia kama ningepata pa kuanzia. Alikuwa amesoma sawasawa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kusoma, na nilikuwa nikimwambia asiongeze wala asipunguze.

Nikaenda kwa ndugu yangu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, amekaa kwenye kigoda chake, sahani ya makande mapajani.

"Hodi."

"Karibu."

"Habari za siku?"

"Nzuri. Mtoto mzima?"

"Mzima."

Nikakaa kwenye jamvi. Akaendelea kula. Kijiko kinakwenda, kijiko kinarudi. Nikaweka samaki chini, hakuwatazama. Nikaeleza kwamba nimeona shamba, kwamba nimetoka kwa mwenyekiti, kwamba sikukusudia. Akasema, "Umeandika vizuri. Walipiga makofi." Akachota kijiko kingine.

Nilihisi kuna kitu kimepungua mle ndani, na mwanzo sikukijua. Jiko lilikuwa palepale, moto ulikuwapo, paka alikuwapo. Halafu nikajua. Kwa miaka karibu sitini sijawahi kuingia katika nyumba ile, chakula kikiwa nje, bila kuambiwa neno moja. Akiwa mgonjwa aliniambia. Siku ya msiba wa mama yake aliniambia. Hata siku tulizogombana aliniambia, kwa kununa, lakini aliniambia. Leo ameketi anakula mbele yangu na hajasema, Uje.

Kama uje ni ule, basi...

"Aje," nikasema. "Ale. Maana yake ni ale!"

Ndugu yangu akaweka sahani chini. "Leo ndiyo umejua? Mtoto wa miaka tisa alishafundishwa hapahapa kwenye jamvi hili, akaunguzwa na chungu, na bado?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani Kiswahili. Yule bibi mwenye chungu zamani zile alikijua Kiswahili kutoka wapi? Alisema aje, huyu mtoto ale kwanza. Ndilo neno lenyewe. Mama amekusimulia mara ngapi?"

Nyie, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mama yake alinisimulia yote kwa Kishambaa, mimi nikayapokea kichwani kwa Kiswahili, na katika kuhamisha, lile neno moja nikaliacha njiani. Jina likishakuwa jina, hakuna anayelisikiliza tena. Watu wote wa kijiji wanakula kwa Kishambaa kila siku na wanaita Aje kila Alhamisi, na hakuna anayeyaunganisha mambo hayo mawili, na mimi niliyelipwa mshahara kwa ajili ya maana za maneno ndiye niliyewafunga macho kabisa.

"Kwa nini hukusimama mkutanoni?" nikamwuliza.

"Nikasemeje? Nikisema ni kula wataniuliza nani ale, na kwa nini. Na wewe uliiruka ile kamba. Nilikuona umeiruka." Sauti yake ikabadilika. "Nikajiuliza, huyu ananionea aibu?"

Hapo ndipo nilipolia. Nikamwambia, nilikuwa nakusitiri. Akaniambia, mficha uchi hazai, na tena aibu ni ya aliyefunga kamba, si ya aliyekimbia nayo shingoni. Hakunikaribisha chakula. Alisema, "Aliyefunga fundo ndiye alifungue," akaingia ndani.

Mkutano uliitwa kabla ya watu wa wilaya. Nilisimama mbele ya watu ambao nusu yao niliwahi kuwavuta masikio. Nikawaambia nimekuja kujisahihisha, na wino mwekundu leo ni wangu. Nikawauliza akina mama: mtoto akirudi shule ana njaa, umeshapakua, unamwambiaje? Wakajibu kwa pamoja, wengine wanacheka, "Uje!" Nikawauliza: na kama unamzungumzia yeye kwa mwenzako, unataka apewe chakula, unasemaje? Sauti zikaanza, "Aje..." zikakatika katikati. Nikamwona mzee mmoja anayefungua ndiva, aliyeliita neno lile Alhamisi zote za utu uzima wake, amejishika kichwa.

"Ewallah!" akasema. "Mimi nilikuwa napiga kelele watu wakale."

Watu wakacheka, na mwenyekiti akacheka. Kisha akauliza lile swali, kama ndugu yangu alivyotabiri. "Sasa, Mwalimu, nani aliyetakiwa ale?"

Nilikuwa nimeapa jambo la kamba sitalitamka bila ruhusa, na ruhusa sikupewa. Nikatazama nyuma. Ndugu yangu alikuwa amesimama tayari, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Ni bibi wa mama yangu," akasema. "Alipanda peke yake kutoka nyika, kamba ya Pangani iko shingoni. Babu zenu walitaka kumrudisha. Mama wa mmoja wao akasema aje. Akala, na mpaka leo sisi tunakula. Siku ya Alhamisi haikuwa ya wageni watakaokuja. Ilikuwa ya mgeni aliyekuwa amekwisha kuja, ana njaa. Na tangu hapo, kila aliyefika kijiji hiki hana pa kwenda, mlimwelekeza kwetu, na kwa maji hayohayo tulimlisha. Mnataka kuwapa watalii, wapeni. Mtalii ana chakula chake. Lakini mwenye njaa akija, msimwelekeze kwangu."

Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye ni wa moja ya zile koo nne, na nadhani alikuwa anajiuliza babu yake alikuwa upande gani wa ubishi ule. Mwishowe akainuka, akamwendea ndugu yangu, akampa shikamoo mbele ya watu wote, akaichukua karatasi yangu akanirudishia. "Andika upya, Mwalimu," akasema. "Andika ilivyokuwa."

Alhamisi iliyofuata maji yalirudi. Karoti nyingi zilikuwa zimeshakufa, hilo siwezi kulifuta. Tulipanda upya, mimi na yeye na wajukuu wake, na mzee alipoita kule juu aliita polepole, kama mtu anayelisoma neno kwa mara ya kwanza.

Nilipomaliza kuandika nilimpelekea ndugu yangu aikague kabla ya mwenyekiti. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika mwisho, akanirudishia.

"Haijaisha," akasema.

"Imebaki nini? Kamba nimeandika, chungu nimeandika."

"Umeandika bibi yangu na kamba yake. Mama yako na kifua chake yuko wapi? Na yule mtoto aliyesogea mpaka akaungua magoti? Au wewe hukula hapa?"

Nikachukua kalamu. Chini ya maneno ya karne ya kumi na tisa nikaongeza kwamba baadaye alikuja mchuma chai kutoka Bulwa, mgonjwa, na binti yake wa miaka tisa, nao walikula kwa zamu ya Aje, na mmoja wao amezikwa hapo. Hiyo karatasi sasa ina muhuri. Mama yangu, ambaye hakuwa na mahali, yumo ndani ya historia ya mahali.

Nilipoinua kichwa ndugu yangu alikuwa ameshateremsha chungu, anapakua sahani mbili.

"Uje," akasema.

Nikaweka kalamu chini, nikasogea kwenye jamvi. Akatabasamu lile tabasamu lake la meno yaliyopungua, maana uzee umemrudisha alikokuwa.

"Najua umeshakuja," akasema. "Sasa uje."

Nikala.